Kuku Ni wa Nyumba Nzima: Somo Kutoka Jiko la Kihindi



Leo tunajifunza juu ya nyama, hasa nyama ya kuku. Tutatazama jinsi jirani zetu Wahindi wanavyopika na wanavyokula. Kisha tutatazama chungu chetu wenyewe.

Wahindi wamefanya biashara mjini Bukoba tangu wakati wa Wajerumani. Familia nyingi zilihama katika miaka ya 1970, lakini nyingine zipo mpaka leo. Vyakula vyao vimekuwa vyetu pia. Chapati, bajia na kachumbari unazokula sokoni Bukoba, Kamachumu au Muleba, asili yake ni huko.

Si Wahindi wote wanaokula nyama

Watu wengine hudhani kwamba Wahindi wote wana desturi moja. Sivyo. Wahindi Waislamu hula kuku, mbuzi na ng'ombe, mradi mnyama awe amechinjwa kwa sheria ya dini yao. Hawali nguruwe. Wagoa wengi ni Wakristo, nao hula nyama na samaki. Wahindu, ambao wengi wetu tunawaita Mabaniani, kwa kawaida hawali ng'ombe. Wengi wao hawali nyama yoyote, wala samaki, wala yai.

Je, asiyekula nyama anajengaje mwili wake? Chungulia jikoni kwake. Utakuta dengu, choroko na mbaazi. Utakuta pia maziwa na mtindi. Hivi vyote ni vyakula vya kujenga mwili. Nyama imeondolewa, lakini mahali pake pamewekwa kitu kingine.

Mwiko wao na mwiko wetu

Sisi nasi tulikuwa na miiko. Zamani katika Uhaya, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Hata senene, wanawake na watoto waliwakusanya, lakini wanaume ndio waliokula.

Linganisha miiko hii miwili. Katika nyumba ya Baniani asiyekula nyama, mwiko huo kwa kawaida ni wa wote: baba, mama na watoto. Tena wana dengu na maziwa badala ya nyama. Mwiko wetu ulimwacha baba ale, ukamzuia mama. Mama mwenye mimba ndiye anayejenga mwili wa mtu mwingine ndani yake. Basi mwiko ule ulimnyima yule aliyehitaji zaidi.

Siku hizi wanawake wengi wanakula kuku na mayai. Hayo ni maendeleo. Lakini katika nyumba nyingine, mapaja na firigisi bado ni vya baba na wageni. Mtoto anapewa shingo, ndizi na mchuzi. Mama anamalizia kilichobaki chunguni.

Ndugu, mchuzi mtupu haujengi mwili. Sehemu kubwa ya mchuzi ni maji, chumvi na mafuta kidogo. Chakula cha kujenga mwili kimo katika nyama yenyewe. Ndizi nayo ni chakula kizuri cha kutia nguvu, lakini peke yake haitoshi. Gramu 100 za ndizi za kupika zina gramu 1 hivi tu ya protini. Gramu 100 za maharage makavu zina gramu 20 au zaidi.

Mtoto anayeshiba ndizi na mchuzi kila siku anaweza kupata unyafuzi. Dalili zake ni hizi: miguu huvimba, nywele huwa nyepesi na kubadilika rangi, mtoto hununa na kukataa chakula. Ukiona dalili hizi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Usimwache. Unyafuzi unaua.

Jinsi ya kupika kuku mmoja kwa watu wengi

Wahindi wengi wanaokula kuku humkata vipande vidogo na kumpika kwa mchuzi mzito. Kwa njia hii kuku mmoja hutosha watu wengi, na kila sahani hupata nyama. Fanya hivi:

1. Chinja kuku mzima wa afya. Kuku aliyekufa mwenyewe, au anayeumwa, usimle. Mfukie au mchome moto.

2. Mkate vipande 12 au zaidi. Wahindi wengi huondoa ngozi, ambayo ndiyo yenye mafuta mengi.

3. Twanga kitunguu saumu na tangawizi. Changanya na chumvi, manjano kidogo, na kikombe cha mtindi au maji ya limau. Paka nyama, ifunike, iache nusu saa mahali pa baridi.

4. Osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni. Usikatie kachumbari kwa kisu kilichokata kuku mbichi kabla ya kukiosha. Kuku mbichi ana vijidudu vinavyoharisha.

5. Kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo. Tia nyanya na bizari, kisha tia nyama. Ongeza maji, funika, pika kwa moto wa wastani. Kuku wa kienyeji huhitaji saa moja au zaidi. Ameiva ikiwa nyama karibu na mfupa haina wekundu wala damu.

Kuna jambo moja la kuangalia. Samli nyingi na vitu vya kukaanga kila siku si vizuri kwa moyo. Chukua kutoka jiko la Kihindi yale yanayofaa, acha yasiyofaa.

Siku isiyo na kuku

Siku nyingi hakuna kuku. Hapo fuata somo la Baniani: tafuta badala yake. Maharage yamo kibanjani. Dagaa wamo ziwani. Yai liko kiotani. Loweka maharage usiku mzima, mwaga maji, yapike mpaka yalainike. Kula pamoja na nyanya au limau, kwa maana husaidia mwili kupata madini ya kuongeza damu. Chai na kahawa huzuia madini hayo. Ngoja saa moja baada ya kula ndipo unywe.

Mtoto akitimiza miezi 6, endelea kumnyonyesha. Mwanzishie pia ndizi zilizopondwa pamoja na maharage yaliyochujwa maganda, yai lililoiva vizuri, au nyama iliyosagwa.

Mwaka 1975 vikundi vya kujisomea katika nchi yetu vilijifunza somo la "Chakula ni Uhai". Somo hilo halijazeeka. Jioni ya leo, kabla ya kupakua, tazama sahani ya mama na sahani ya mtoto. Anza na hizo.

Maswali ya kujadili

1. Asiyekula nyama anajengaje mwili wake?
2. Kwa nini mchuzi peke yake haumtoshi mtoto?
3. Taja dalili tatu za unyafuzi.
4. Katika nyumba yako, nani hupewa nyama kwanza? Je, ndivyo inavyofaa?