Miraa: halali Maua, kosa Heathrow

Anayesafiri kutoka Nairobi kwenda London hakosi maagizo ya ndugu walioko huko, na miraa bado imo katika maagizo hayo. Ukiombwa, kataa. Tangu tarehe 24 Juni 2014 miraa, au mirungi kama wasemavyo Watanzania, ni dawa ya kulevya ya kundi C chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1971 inayodhibiti dawa hizo. Sheria inataja majani, vikonyo na machipukizi ya mmea wenyewe, kwa hiyo kuikausha hakukuokoi. Wala haikusaidii kitu kuonyesha risiti ya mji wa Maua nchini Kenya au kueleza kwamba nchi hiyo inaitambua miraa kama zao la biashara. Unahukumiwa kwa sheria ya nchi uliyoingia.

Wengi huchanganyikiwa kwa sababu zamani ilipita wazi. Katika mwaka wa 2011/12 pekee Uingereza iliingiza takriban tani 2,560, na kodi ikalipwa. Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali lilisema ushahidi wa madhara hautoshi kuipiga marufuku. Theresa May, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akaipiga marufuku hata hivyo, akihofia kwamba baada ya Uholanzi kuikataza, Uingereza ingegeuka kituo cha magendo. Binafsi naona baraza lilikuwa na hoja nzito zaidi, lakini mahakamani hilo halikupunguzii adhabu.

Sasa, ukikamatwa nayo itakuwaje? Kwa mtu mzima aliyekutwa na kiasi cha kutafuna mwenyewe, polisi wa England na Wales kwa kawaida humpa onyo mara ya kwanza. Mara ya pili ni faini ya papo hapo ya pauni 60. Mara ya tatu anaweza kukamatwa na kushtakiwa, na ukomo wa adhabu ni kifungo cha miaka miwili, faini, au vyote viwili. Faini ile ya papo hapo unayo siku 21 za kuilipa au kuomba kesi isikilizwe mahakamani. Usiikalie kimya, maana ikipita muda huongezeka.

Kuingiza nchini na kusambaza ni jambo jingine kabisa: ukomo ni miaka 14. Na usidhani kusambaza ni mpaka uuze. Ukiwagawia wenzako kibunda barazani bila kuchukua hata senti, umesambaza.

Askari hawezi kukupekua barabarani kwa sababu tu ya rangi yako au kwa kuwa umesimama nje ya mkahawa wa Wasomali. Ni lazima awe na sababu ya msingi ya kushuku kwamba umebeba dawa. Muulize sababu hiyo, jina lake na kituo chake, na uombe nakala ya kumbukumbu ya upekuzi. Uliza kwa upole, bila kusukumana. Ukifikishwa kituoni una haki ya wakili bila malipo, mkalimani bila malipo, na kumjulisha mtu wako kwamba umeshikwa. Kama si raia, unaweza kutaka ubalozi wa nchi yako uarifiwe. Mwombe wakili kabla ya kuhojiwa, hata kama unaona jambo lenyewe ni dogo. Mgeni akifungwa miezi 12 au zaidi, sheria ya mwaka 2007 inaelekeza arudishwe kwao, isipokuwa katika hali chache.

Kuna pia wale vijana wanaolipiwa tiketi wapeleke sanduku "la chai". Kama hukulifunga wewe, usilibebe. Forodhani mzigo ni wa aliye nao mkononi, na aliyekutuma hatakuwepo kujieleza. Anayeunganisha ndege Amsterdam au Dubai ajue kwamba miraa ni marufuku huko pia, na Dubai asitarajie onyo la mara ya kwanza kama la polisi wa London.