Je, Vioo Huongeza Umeme wa Paneli za Sola?

Mtumiaji ambaye taa zake huzimika kabla ya usiku wa manane huweza kushauriwa asimamishe vioo vya kujitazamia kando ya paneli yake ili ipate mwanga zaidi. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini pia una gharama ambazo mtoa ushauri hatazibeba.

Ukweli wake

Paneli huzalisha umeme kwa kadiri ya mwanga unaoifikia. Wati zilizoandikwa nyuma yake hupimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzijoto 25 za Selsiasi. Kioo bapa kikimulika paneli yote kwa usawa, umeme huongezeka. Baridi ya Mbeya na Iringa nayo husaidia, kwani paneli hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa baridi.

Kasoro zake

1. *Jua huhama.* Mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini. Desemba huwa kusini. Kioo kilichosimamishwa kusini mwa paneli kitasaidia Juni, kisha kitaitia kivuli Desemba.

2. *Mwanga usio sawa.* Seli za paneli zimeungwa kwa mfululizo, mithili ya watu wanaopanda mlima kwa njia nyembamba: aliye mzito ndiye anayeamua mwendo wa wote. Kioo kinachomulika nusu ya paneli huleta faida ndogo sana.

3. *Ukungu.* Kioo huhitaji jua la moja kwa moja. Siku za ukungu Tukuyu au Mufindi, ambapo umeme huhitajiwa zaidi, kioo hakisaidii.

4. *Joto.* Seli za silikoni hupoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzijoto inayoongezeka. Vioo vikiongeza nyuzijoto 15, asilimia 6 hivi hupotea, na paneli huchakaa mapema.

5. *Usalama.* Umeme ukizidi ampea za kidhibiti chaji, kidhibiti huweza kuharibika. Kioo kilichopinda hukusanya mwanga mahali pamoja na huweza kuwasha moto. Upepo nao huweza kukiangusha juu ya paneli au watu.

6. *Waranti.* Muuzaji huweza kukataa kubadilisha paneli iliyofungwa kinyume cha maelekezo ya mtengenezaji.

Fanya haya kwanza

- Futa vumbi kwa maji safi na kitambaa laini, asubuhi kabla paneli haijapata joto.
- Ondoa kivuli cha matawi na nyaya.
- Elekeza paneli kaskazini, kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15.
- Mwombe fundi mwenye leseni ya EWURA apime betri na nyaya. Betri iliyochoka haiponywi kwa vioo.

Ikiwa umeme bado hautoshi, fedha za vioo ziwe akiba ya kununua paneli ya pili inayolingana na volti za mfumo wako na uwezo wa kidhibiti chaji. Paneli hiyo itakufaa mwaka mzima.

Dai risiti na waranti ya maandishi, na uzihifadhi. Muuzaji asipotimiza waranti, mpelekee malalamiko kwa maandishi. Asipoyashughulikia, yawasilishe Tume ya Ushindani (FCC).