Ninachora Korongo kwa Udongo wa Korongo

Anayejibu maswali safari hii ni mwalimu wa sanaa katika sekondari moja wilayani Kondoa, mkoani Dodoma. Jioni na siku za likizo huchora picha zake mwenyewe. Wasomaji walitaka kujua anachora nini, rangi anazipata wapi na mawazo yanamjiaje.

Shikamoo mwalimu. Nasikia unachora makorongo tu, mwaka nenda mwaka rudi. Huchoki? (Msomaji, Singida)

Marahaba. Ni kweli, makorongo, na bado sijachoka. Aliyepita barabara ya Dodoma kwenda Babati ameyaona: ardhi nyekundu iliyochanwa na maji, kuta zimesimama wima, na juu kabisa mgunga mmoja umebaki, nusu ya mizizi yake inaning'inia hewani. Mgeni huona uharibifu tu akapita. Mimi naona pia historia ya wazazi wetu. Ardhi hii ililimwa na kulishiwa mifugo mpaka ikashindwa kushika maji. Mwaka 1973 Serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, ile HADO ambayo wazee bado wanaitaja, na mwaka 1979 mifugo ikaamriwa iondoke kwenye eneo lililomomonyoka. Ukitaka kujua uzito wa amri ile, kaa na mzee wa Kirangi aliyekuwa na ng'ombe wakati ule, kisha nyamaza umsikilize. Majani yalirudi, miti ikarudi. Kovu lilibaki.

Kwa hiyo korongo moja lina mengi ya kuchora. Ninalolichora sasa lina wekundu mzito juu, chini yake mkanda wa manjano, na chini kabisa kijivu chenye changarawe. Asubuhi ukuta wa upande mmoja uko kivulini na mikanda haionekani. Alasiri inajitokeza yote kwa pamoja. Mvua ikinyesha, wekundu unakolea karibu kuwa zambarau na kingo zinaanguka, maana yake picha niliyoianza wiki iliyopita haina tena mahali pa kurudia. Nakaa palepale na kibao cha hadibodi chenye ukubwa wa daftari. Nikipata vibao kadhaa vinavyokubaliana, ndipo nachora kubwa nyumbani.

Machweo yenye mbuyu na twiga nawaachia wengine. Yameshachorwa ya kutosha.

Ni kweli rangi yenyewe ni udongo? Naweza kutengeneza nyumbani? (Mwalimu wa shule ya msingi, Manyoni)

Unaweza, tena kwa vyombo ulivyo navyo. Chukua udongo kwenye ukuta wa korongo au pale mafundi walipochimba msingi, chini ya tabaka lenye mizizi. Utie kwenye ndoo ya maji na ukoroge kwa nguvu. Subiri kidogo mchanga ushuke, kisha mimina taratibu yale maji ya tope kwenye ndoo ya pili, mchanga ubaki nyuma. Rudia tena kwenye ndoo ya tatu. Iache mpaka kesho yake. Utakuta maji yametakata juu na chini kumetulia tope laini lisilo na hata punje inayokwaruza ukilisugua kati ya vidole. Mwaga maji, anika tope kwenye bati, likikauka lisage kwa chupa juu ya kigae, halafu lichekeche kwa kitambaa chepesi.

Hapo una unga. Ili uwe rangi unahitaji kitu cha kuushikiza. Kwa kibao kigumu natumia kiini cha yai. Tenganisha ute, kiini kizungushe viganjani mpaka ngozi yake ikauke, kishike kwa ngozi hiyo juu ya kikombe na ukitoboe kwa pini. Ngozi inabaki mkononi, unaitupa. Ongeza kijiko cha maji, changanya na unga. Rangi hii hukauka upesi sana, kwa hiyo hupakwa kwa mistari myembamba inayopandana, wala usijaribu kuitandaza kama rangi ya ukuta. Kwa kitambaa cha marekani tumia gundi nyeupe ya mafundi seremala iliyopunguzwa kwa maji, maana yai hupasuka kitambaa kikikunjika. Kwa karatasi, gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha na kuchujwa inafaa sana.

Kipimo ni kidole. Rangi ikikauka, pitisha kidole juu yake. Kikitoka na vumbi, gundi ni kidogo. Iking'aa na kufanya nyufa, umezidisha.

Somo ambalo wanafunzi wangu hawalisahau ni la kikaango. Tunachukua unga wa manjano, tunauweka kwenye kikaango kikavu kilichostaafu mambo ya jikoni, juu ya jiko la mkaa uliokolea, tunakoroga. Unaanza kubadilika pembeni, kahawia kwanza, kisha wekundu unaingia mpaka katikati. Udongo wa manjano una madini ya chuma yaliyofungamana na maji. Moto unayafukuza maji hayo, na kinachobaki ni oksidi ya chuma ileile inayoupa udongo mwekundu rangi yake. Kidato cha Pili wakiiona mara moja, mwalimu wa kemia hana kazi kubwa wiki ile. Fanyieni nje, moshi na vumbi lake havifai mapafuni.

Kwa nini usinunue rangi za dukani zikakurahisishia kazi? (Msomaji, Arusha)

Nanunua nikihitaji, hasa bluu na kijani, maana udongo wa huku hautoi bluu. Lakini jaribu hili kabla hujatoa pesa: saga mkaa vizuri, uchanganye na nyeupe, kisha upake kijivu hicho pembeni ya udongo mwekundu. Jicho litakisoma kama bluu. Mbingu zangu nyingi ni mkaa.

Ninachokukataza ni bizari ya manjano na maua ya bustani. Siku ya kwanza yanapendeza, lakini weka picha dirishani na utaona inavyofifia. Udongo na mkaa havifi kwa jua.

Unaishi jirani na michoro ya kale ya Kolo. Je, unaiga? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Swali zuri, kwa sababu kila mgeni anayeingia kwangu anategemea kukuta wale watu warefu wembamba wa Kolo kwenye kila kibao. Hatawakuta.

Kwa ambaye hajafika: Kolo iko kaskazini mwa mji wa Kondoa. Kwenye miamba ya eneo lile kuna mapango zaidi ya 150 yenye michoro, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huku akiinakili michoro kwenye karatasi, akaitolea kitabu mwaka 1983. Iliyo ya zamani zaidi ni myekundu, ya mistari laini: twiga, pofu, tembo, na watu wenye vichwa vilivyosukwa au kupambwa kwa namna ambayo mpaka leo inabishaniwa. Baadaye ikaja myeupe, minene, mingi imepakwa kwa vidole. Na msifikiri ni makumbusho yaliyokufa. Mahali kama Mungomi wa Kolo watu bado huenda kufanya tambiko, kuomba mvua au uponyaji. Ndiyo sababu mojawapo ya kutonakili: mchoro ambao jirani yangu anauendea kwa heshima siwezi kuuchomoa mwambani nikautundika sebuleni kwa mtalii.

Lakini kujifunza nimejifunza, tena sana. Wale wachoraji hawakufuta. Mnyama mmoja anapita juu ya mgongo wa mwingine, mweupe juu ya mwekundu, na wa chini anaonekana bado. Mimi nilifundishwa kwamba picha mbaya unaipaka nyeupe na kuanza upya. Siku hizi naacha tabaka la zamani lichungulie. Katika picha zangu za makorongo, chini ya ukuta wa mwaka huu utaona mstari wa ukuta wa mwaka jana kabla haujaanguka, na korongo lenyewe hukua hivyohivyo.

Jambo la pili ni mstari. Nenda ukatazame shingo ya twiga mmoja mwekundu pale. Mchoraji ameifuata kwa mkono mmoja usiositasita, kutoka kichwani mpaka begani, na amejua mahali pa kuacha. Mkono wa namna hiyo unatokana na kumtazama mnyama kwa muda mrefu.

Na ombi: ukienda, usimwagie maji mchoro ili ukolee kwenye picha ya simu, na usiuguse. Udongo umedumu pale kwa sababu umeachwa.

Ni wachoraji gani waliokujenga? (Msomaji, Moshi)

Walimu wenzangu kwanza. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, akaenda chuo cha sanaa cha Slade huko London, akarudi kufundisha Makerere. Baada ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Mtu huyu alipita vyumba vyote vikubwa vya dunia, na alichoendelea kuchora ni Wachagga wakifanya shughuli zao: kuvuna, kujenga, kunywesha ng'ombe. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Museum of Modern Art, New York. Ntiro alinipa ruhusa ya kubaki Kondoa.

Elimo Njau, wa Marangu, naye alifundisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu yakitokea kwenye migomba na vilima vya Wagikuyu, na mwaka 1965 yeye na wenzake wakafungua jumba la sanaa la Paa ya Paa pale Nairobi. Msimamo wake mkali dhidi ya kunakili nimewarithisha wanafunzi, wapende wasipende.

Na Edward Saidi Tingatinga, ambaye wasomi wengine wanamnyanyulia pua. Alitoka Tunduru, akawa anachora Dar es Salaam kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 mpaka alipouawa mwaka 1972. Alitumia hadibodi ya dari na rangi ya baiskeli, kwa sababu ndivyo vilivyokuwa dukani. Tazameni vibao vyake vya mwanzo, mnyama mmoja juu ya rangi tupu. Havifanani na msongamano unaouzwa leo kwa jina lake.

Mwalimu una madaftari, zamu na familia. Muda wa kuchora unautoa wapi? (Mwalimu wa sekondari, Babati)

Muda mrefu sina, kwa hiyo nimepanga kazi isiyouhitaji. Kibao kidogo, rangi nne, kuanzia kengele ya mwisho mpaka jua linapogusa vilima. Unga wa rangi nausaga Jumamosi na kuuhifadhi mkavu kwenye vikopo. Yai navunja siku ileile. Nyumbani hakuna chumba cha sanaa. Kuna ubao, kuna ukuta wa nje usiopigwa na mvua, na kuna mke anayejua kwamba kuku wa kienyeji ndio wenye viini vya rangi kali na hapendi mayai yao yakipungua.

Kufundisha hakunipunguzii. Muhula uliopita nilitoa zoezi la kuchora njia ya kwenda nyumbani. Msichana mmoja alichora nyayo tu, nyayo za ng'ombe, mbuzi, baiskeli na ndala, zimepishana kwenye tope lililokauka, bila nyumba wala mtu. Nilimpa alama zake, kisha nikakaa na karatasi ile muda mrefu kuliko nilivyokaa na kitabu chochote cha sanaa mwaka huo. Sikuichukua picha yake, ni yake. Ila tangu siku hiyo nachora pia sakafu ya korongo, ambayo nilikuwa naipita kwa haraka ili nifike ukutani.

Mtoto wangu ana kipaji lakini ananakili katuni za kwenye simu. Nimkataze? (Mama, Mwanza)

Usimkataze, mama. Mkono unajifunza. Ila kwa kila katuni moja, achore na kitu kimoja kilichopo mbele yake: kandambili, sufuria, paka akilala. Paka ni mzuri kwa sababu ataondoka kabla picha haijaisha, na mtoto atalazimika kukumbuka. Akifika umri wa kuchagua masomo na bado anaipenda kazi, ulizieni chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ukikaa mbele ya ubao na wazo halipo, unafanya nini? (Msomaji, Tanga)

Nasaga rangi. Nikimaliza kusaga huwa kuna rangi moja iliyotoka tofauti na nilivyotarajia, na huwa nataka kuiona imekaa karibu na nyingine. Tayari nimeanza.

Picha unauza? Bei unapangaje? (Kijana anayeanza, Dodoma mjini)

Nauza, si nyingi. Hesabu yangu inaanza na vitu vya kushikika: kibao, nyeupe ya chini, fremu ya fundi, nauli ya kuipeleka. Kisha saa zangu, kwa kiwango ambacho fundi mzuri wa mtaani angelipwa. Usiseme udongo ni bure kwa hiyo picha ni bure. Mteja akikuambia hivyo, mwonyeshe zile ndoo tatu. Bei iandike nyuma ya picha kabla hujaitoa nje, maana ukianza kuifikiria mteja akiwa amesimama mbele yako, utaipunguza.

Na mwambie mnunuzi masharti. Picha ya yai inachukua miezi kukomaa, kwa hiyo isisuguliwe wala kufutwa kwa kitambaa kilicholowa. Isitundikwe ukuta unaoloa masika, kuvu wataingia. Na isiwekwe jikoni, kwa sababu mende wanakula yai hata likiwa na udongo ndani yake.