SOMO: TUGAWANE GHARAMA, KILA KIKUNDI KIBAKI NA JINA LAKE



Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1986 Kanisa Katoliki na makanisa ya Kiprotestanti hapa Kenya yalianzisha shirika moja la dawa, MEDS. Hospitali na zahanati za makanisa huagiza dawa kutoka bohari yake Nairobi, na ubora hupimwa kwenye maabara yake. Zahanati ya kijijini ingetoa wapi maabara? Lakini kila zahanati imebaki na wenyewe.

Nasi tunaweza. Tuseme lori la kuleta mbolea linakodiwa Sh. 6,000. Kikundi kimoja kikilikodi, kinalipa zote. Vikundi vitano vyenye mizigo sawa vikilijaza pamoja, kila kimoja kinatoa Sh. 1,200 tu. Stoo, mizani na karani wa hesabu ni vivyo hivyo.

Shida huja kwa pesa. Kimoja kikikawia kulipa, vinne vinaumia na ujirani unaharibika. Kwa hivyo:

1. Tuanze na huduma moja tu.
2. Kila kikundi kichague wajumbe wawili.
3. Tuandike mapatano: nani analipa nini, lini, na anayetaka kutoka atatokaje.
4. Pesa zitolewe kabla lori halijaondoka, na risiti zisomwe mbele ya wote.
5. Akiba ya kila kikundi isichanganywe.

Ya kujadili: Ni gharama gani sisi na majirani tunalipa kila mmoja kivyake? Ufunguo wa stoo tungempa nani, na kwa nini?