Dondoo muhimu: Saa ya jioni shuleni Kakuma

Katika shule za msingi za Kakuma, eneo la kambi ya wakimbizi nchini Kenya, watoto kutoka Somalia, Sudan Kusini na Kongo husoma pamoja na wenyeji Waturkana, na Kiingereza cha mtihani huwaelemea wengi. Ndiyo sababu saa ya jioni, baada ya masomo, isigeuzwe tuisheni ya Kiingereza hicho. Mtoto hujifunza kusoma kwa wepesi zaidi katika lugha anayoijua; UNESCO ilishapendekeza afundishwe kwa lugha hiyo mwaka 1953. Chukueni hadithi za bure za African Storybook: mzazi asome kwa lugha ya nyumbani, kisha watoto wasimuliane kwa Kiswahili. Wapo wanaohofia kwamba kusoma kwa lugha za nyumbani kutazidisha makundi ya kikabila. Hofu hiyo ina msingi, basi wakati wa michezo changanyeni watoto wa jamii zote katika timu za kandanda na bao, na lugha ya hadithi ibadilike kila wiki. Malizeni mapema, wasichana wafike nyumbani kabla ya giza.