Kasuku na Jirani: Somo la Kuchagua Ndege wa Kufuga

Mwenye kuku hufuga kwa ajili ya mayai na nyama. Mwenye njiwa hufuga kwa ajili ya uzuri wao. Lakini mwenye kasuku hufuga kwa ajili ya sauti, na hapo ndipo ugumu unapoanza, maana sauti haina mlango wala kufuli. Kuku wako akivuka mpaka, jirani atamfukuza kwa ufagio. Sauti ya kasuku wako ikivuka mpaka, jirani hana ufagio wa kuifukuzia.

Nimeona vema kuandika somo hili kwa sababu muhula huu wanafunzi kadhaa, na mzazi mmoja, wameniuliza ni kasuku gani afaaye kufugwa hapa Mang'ula. Swali ni zuri, lakini halijibiki kwa kumtazama ndege peke yake. Hapana budi kuitazama nyumba pia. Wengi wetu tunakaa katika nyumba zilizogusana. Mimi nakaa katika nyumba ya mstari, familia tatu chini ya bati moja. Ukuta wa kati haukufika juu, wala dari hakuna. Jirani akipika uji alfajiri, nasikia mwiko ukigonga sufuria. Katika nyumba ya namna hii, anayejichagulia ndege humchagulia jirani yake pia.

1. Kwa nini kasuku hupiga kelele

Kasuku ni ndege wa kundi. Huko porini, alfajiri kabla ya kwenda kutafuta chakula, na jioni warudipo malaloni, huitana kwa nguvu ili kila mmoja ajue wenziwe wako wapi. Asipojibiwa huita tena, na mara hii kwa nguvu zaidi. Kasuku wa kizimbani hakuisahau desturi hiyo. Akiachwa peke yake huwaita watu wa nyumba, kwa kuwa ndio kundi lake. Basi kelele zake si ukaidi, bali ni swali: "Mko wapi?" Wala kumkemea kwa sauti kubwa hakumnyamazishi, kwake yeye hilo ni jibu, naye atapiga tena ili ajibiwe tena.

Hapa kwetu jua huchomoza na kutua kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mwaka mzima. Saa hizo ndizo za mwito wa kasuku. Asubuhi aliyekesha zamu anataka kulala, na jioni mtoto wa shule amefungua daftari lake. Mambo hayo mawili hukutana kila siku ya Mungu.

2. Jinsi sauti inavyosafiri

Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba mahali pa wazi, umbali ukizidi mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo, yaani hupungua kwa desibeli 6 hivi. Tufanye hesabu. Ndege yuko meta 2 kutoka kwako. Ukisogea hadi meta 4, nguvu ni robo. Meta 8, ni sehemu moja ya 16. Meta 16, ni sehemu moja ya 64. Kwa hiyo mwenye shamba, ambaye nyumba ya jirani iko mbali ng'ambo ya migomba, ana msaada mkubwa wa umbali.

Katika nyumba ya mstari hesabu hiyo haifanyi kazi. Sauti hupanda, hugonga bati, kisha hurudi chini upande wa pili wa ukuta. Ukuta wa tofali huzuia sauti vizuri, lakini ukiwa na uwazi juu yake ni kama ndoo nzuri yenye tundu. Tena masikio ya binadamu husikia kwa urahisi zaidi sauti nyembamba zenye mitetemo kati ya 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya mwito wa kasuku imo humo. Ndiyo maana kasuku mdogo huweza kukuamsha, na ngurumo ya treni ya TAZARA umekwisha kuizoea.

3. Aina za kasuku

(a) Kasuku wa kijivu. Huyu ndiye maarufu, mwenye mkia mwekundu na urefu wa sentimeta 33 hivi. Makao yake ni misitu ya Afrika ya Magharibi na Kongo, hadi Uganda, magharibi ya Kenya, na kwetu katika pembe ya kaskazini-magharibi, mkoani Kagera. Ndiye mwigaji hodari kuliko wote. Hapigi kelele mchana kutwa kama wengine, lakini huiga mlio wa simu, bawaba ya mlango, kikohozi cha babu, na maneno ya ugomvi wa jana usiku. Mwenye siri nyumbani amfikirie mara mbili.

Waalimu humwambia mwanafunzi anayekariri bila kuelewa kwamba anasoma kama kasuku. Pengine tunamwonea ndege huyo. Huko Marekani Dakta Irene Pepperberg alimfundisha kasuku wa kijivu aitwaye Alex kwa miaka mingi, mpaka Alex alipokufa mwaka 2007. Ndege huyo aliweza kutaja rangi, maumbo na idadi ya vitu vilivyowekwa mbele yake. Lakini akili hiyo ndiyo mzigo kwa mfugaji: ndege mwenye akili akikosa kazi na mwenzi huchoka, hulia sana, hata hujinyonyoa manyoya. Tena akitunzwa vema huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Mtoto wa Kidato cha Kwanza akimpata leo, huenda akawa naye hata atakapoitwa babu.

(b) Kwaru. Hawa ni kasuku wa kadiri, wenye rangi ya kijani. Mmoja wao, mwenye kichwa cha kahawia, hukaa nchi za chini za mashariki ya Tanzania. Sauti yao ni kali na nyembamba. Hao ni ndege wa porini, na porini ndipo panapowafaa.

(c) Cherero. Ni wadogo, wa sentimeta 15 hivi, nao hukaa wawili wawili wakiegemeana. Nchi yetu inao wa aina mbili maarufu: cherero wa Fischer, ambaye kwao ni kusini ya Ziwa Victoria na Serengeti, na cherero mwenye shingo ya manjano, apatikanaye kuanzia pande za Arusha hadi Dodoma na Iringa. Watu huvutwa na udogo wao. Lakini hawafundishiki kusema kwa urahisi, na mlio wao mkali hurudiwa mara nyingi mchana. Kwa nyumba za mstari siwasifu.

(d) Bajerigari. Ni kasuku mdogo wa Australia, mwenye uzito wa gramu 30 hadi 40 tu. Alifikishwa Uingereza akiwa hai mwaka 1840 na John Gould, na tangu hapo amezalishwa vizimbani duniani kote, kama kuku. Sauti yake ni ya kunong'ona na kuguguna; hulia sana pia, lakini si kwa ukali wa wenzake. Dume huweza kujifunza maneno: mmoja wa California, aliyeitwa Puck, aliandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kujua maneno 1,728. Maisha yake ni miaka 5 hadi 10.

(e) Kasuku wakubwa wa kigeni, yaani wale wa Amerika ya Kusini wenye mikia mirefu, na wale weupe wa Australia wenye shungi. Mungu aliwapa sauti ya kuvuka msitu. Ukuta wa chumba hauwezi kuizuia, wala uvumilivu wa jirani.

4. Sheria

Kabla ya sikio kuna sheria. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyama na ndege wa porini ni mali ya umma, wala hapana ruhusa kuwakamata bila kibali. Sisi tunapakana na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 yenye kilometa za mraba 1,990, na ofisi zake ziko papa hapa Mang'ula. Kijana akikuletea kinda la kasuku ndani ya kikapu, akisema ameliokota, usimpe hata senti. Ukimlipa, kesho ataokota mawili.

Sheria hizi zina sababu. Katika miaka ya 1980 cherero wa Fischer walikamatwa kwa maelfu na kusafirishwa ng'ambo, hata idadi yao porini ikapungua. Kasuku wa kijivu walitoweka katika misitu mingi kwa ajili ya biashara hiyo hiyo na kwa kukatwa kwa miti, hata mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg, biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini ikapigwa marufuku. Basi anayetaka kasuku aulize kwanza katika ofisi ya wanyamapori ya halmashauri, kisha adai hati kwa muuzaji. Bajerigari hayumo katika orodha za mkataba huo wa mataifa, kwa kuwa huzalishwa vizimbani. Hata hivyo kuuliza si utumwa.

5. Maswali ya kujiuliza kabla ya kutoa fedha

Kwanza, nyumba yangu imegusana na ngapi, na ukuta umefika juu? Pili, upande wa pili yuko nani: mgonjwa, mzee, mtoto mchanga, mwanafunzi wa mtihani, au mtu wa zamu? Tatu, nimekwenda kumsikiliza ndege huyo kwa mfugaji wake alfajiri na jioni? Usimsikilize saa saba mchana, maana kasuku wote hupumzika wakati wa joto, na muuzaji anajua hivyo. Nne, nani atakaa naye nitakapokuwa kazini au shambani? Tano, nimemwambia jirani?

Swali hili la tano ndilo kubwa kuliko yote. Mwende jirani kabla ndege hajaja, si baada. Mwambie, "Mama fulani, nataka kuleta ndege, akikusumbua niambie, nitamhamisha." Jirani aliyeombwa ruhusa huvumilia mengi. Asiyeombwa huhesabu kila mlio, naye ana haki. Jirani huyo ndiye atakayekuamkia usiku mtoto akishikwa na homa. Je, utamwuza kwa bei ya ndege?

6. Matunzo yapunguzayo kelele

Usikiweke kizimba kwenye ukuta wa pamoja. Kiweke upande wa nje, mbali na moshi wa jikoni, kwa kuwa mapafu ya ndege huumia upesi. Jioni kifunike kwa kitambaa chepesi kipitishacho hewa, ili ndege apate giza na utulivu kwa saa 10 hadi 12. Asubuhi usikifunue mpaka majirani wameamka. Mpe kazi: gunzi la mahindi, kijiti cha kutafuna, chakula kilichofichwa ndani ya majani. Akiita kwa sauti ya chini, mjibu mara moja. Akipiga yowe, nyamaza mpaka atulie. Hivyo atajifunza kwamba sauti ndogo ndiyo iletayo watu.

Kuna jambo moja la kuchagua ambalo haliepukiki. Bajerigari wawili huongea wao kwa wao, hawakulilii, lakini hawatajifunza maneno yako. Mmoja atajifunza, lakini atakutegemea wewe kwa yote. Anayetaka ndege wa kusema awe tayari kukaa naye.

Basi shauri langu ni hili. Kwa nyumba za mstari, chukua bajerigari wawili waliozaliwa kizimbani, kwa ridhaa ya jirani. Mwenye nyumba ya peke yake na mtu wa kushinda nyumbani anaweza kufikiri zaidi, kwa kufuata sheria. Na asiye na nafasi wala wakati asifuge. Huko si kushindwa. Ni kuwahurumia watu na ndege pia. Nasi wa Mang'ula tumejaliwa: ukisimama ukingoni mwa msitu alfajiri utasikia hondohondo na ndege wengine wengi, bila kizimba, wala hakuna jirani atakayekuja kulalamika.

Zoezi

1. Ndege yuko meta 3 kutoka dirishani kwa jirani. Akihamishwa hadi meta 12, mahali pa wazi, nguvu ya sauti itabaki sehemu gani?
2. Eleza kwa nini kumkemea kasuku huzidisha kelele zake.
3. Chora ramani ya nyumba yenu na za majirani, uonyeshe mahali ambapo kizimba kingefaa kuwekwa. Kama hapapo, andika hivyo, na utoe sababu.