Mafunzo Niliyopata Presha Iliponipanda Nikiwa Mjamzito

Huku Uthiru, Nairobi inapokutana na Kiambu, habari za mgonjwa huifikia jumuiya yetu ya Kikatoliki kabla mwenyewe hajafika wodini. Presha iliponipanda katika mimba yangu ya pili, nilipata washauri wengi kuliko dawa.

1. Swali la imani liulizwe mapema

Kliniki walipokuta presha iko juu na protini imo kwenye mkojo, daktari alinieleza waziwazi kwamba ugonjwa huu unaweza kuishia kifafa cha mimba. Dawa huutuliza tu. Hauanzi kuondoka mpaka mtoto azaliwe. Huenda, alisema, wakalazimika kunizalisha kabla ya wakati. Jioni hiyohiyo mama mmoja wa jumuiya, mwenye nia njema kabisa, akaniambia, "Mama Ciru, Mkatoliki hakubali mtoto atolewe tumboni kabla Mungu hajasema."

Nilimwendea padre. Hakuzunguka: mama akiwa na ugonjwa mzito, na mtoto ameshafikia umri wa kuweza kuishi nje, kuharakisha uzazi si kutoa mimba. Nilifurahi kuyasikia hayo nikiwa nimekaa kwenye kiti, si nimelazwa huku watu wakingoja sahihi yangu.

2. Kanisa halina "hapana" peke yake

Mwaka 1951 Papa Pius XII alifundisha kwamba mama anaweza kupewa tiba ya lazima isiyoweza kungoja, hata kama mtoto atakufa kwa sababu yake, mradi kifo hicho si lengo wala si njia ya kumponya mama. Padre alinipa mfano wa mimba iliyotunga kwenye mrija unaokaribia kupasuka: mrija wenyewe, ambao sasa ni mgonjwa, unaweza kukatwa. Kumuua mtoto moja kwa moja ndiko Kanisa linakokataa, hata kwa kumwokoa mama.

Mume wangu alisema tofauti hiyo ni nyembamba mno. Ni nyembamba kweli. Lakini mimi naiona, na usiku ule ilinisaidia kulala.

3. Sheria ya nchi na mafundisho ya Kanisa havilingani

Ibara ya 26(4) ya Katiba ya Kenya inaruhusu mimba kutolewa iwapo mhudumu wa afya aliyehitimu anaona tiba ya dharura inahitajika, au uhai au afya ya mama imo hatarini. Maaskofu waliipinga Katiba hiyo kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010; wananchi wakaipitisha. Kwa hiyo daktari anaweza kukupa chaguo ambalo padre hatalikubali, na wote wawili wanafanya kazi yao. Mwambie daktari mapema wewe unasimama wapi, naye akwambie bila kuficha hatari ya kusimama hapo.

4. Asitumiwe mtakatifu kumtisha mjamzito

Nililetewa picha ya Mtakatifu Gianna Beretta Molla, daktari wa Italia aliyekutwa na uvimbe kwenye kizazi akiwa mjamzito. Alichagua uvimbe pekee ukatwe, mimba ibaki. Alijifungua Aprili 1962, akafariki wiki moja baadaye. Ambacho hakisemwi jumuiyani ni kwamba Kanisa lingemruhusu aondolewe kizazi chote. Alitoa zaidi ya alichodaiwa. Kumgeuza kuwa sharti kwa mwanamke anayetetemeka kitandani ni ukatili, hata ukifungwa kwa rozari.

5. Sakramenti

Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu. Niliupokea kabla ya upasuaji wa kunizalisha. Na mtoto akiwa hatarini, mtu yeyote anaweza kumbatiza kwa maji na maneno yanayostahili. Wetu alibatizwa na muuguzi kwenye chumba cha watoto njiti. Leo anakimbiza kuku wa jirani.

6. Shida haiishii wodini

Daktari anaonya kwamba presha inaweza kurudi katika mimba nyingine. Kama waraka wa Papa, Humanae Vitae wa 1968, ulivyosisitiza, Kanisa linaturuhusu kupanga uzazi kwa kufuata siku za mwili tu, na siku zangu, tangu nijifungue, hazifuati kalenda yoyote. Wanawake wenzangu hunong'onezana suluhisho zao baada ya sala, nami siwahukumu. Padre aliyenisaidia amehamishwa. Nimemwomba aliyekuja atupe nafasi Jumapili baada ya Misa ya pili, na safari hii mume wangu anakuja na maswali yake mwenyewe.